Matumizi ya Limita katika Kudhibiti Vilele vya Sauti Wakati wa Kurekodi Fasihi Simulizi Uwandani

Data ya fasihi simulizi hukusanywa mahali ambapo kiwango cha sauti hakitabiriki. Mghani anaweza kuanza kwa sauti ya chini, hadhira ikaitikia kwa makofi, kisha vigelegele vikapaa karibu na maikrofoni. Katika urekodi wa dijitali, kilele kinachozidi desibeli 0, ambazo ndizo kikomo cha kipimo hicho, hukatwa. Umbo la wimbi lililokatwa halirejeshwi. Programu za kukarabati sauti hulikisia tu. Limita hutumiwa kuzuia hasara hiyo.

Kifaa hiki hulinganisha sauti inayoingia na kizingiti kilichowekwa. Iliyo chini ya kizingiti hupita bila kuguswa. Inayokivuka hupunguzwa kwa uwiano mkubwa, aghalabu 10:1 au zaidi. Tuseme kizingiti ni desibeli -6, na vigelegele vingefika desibeli +4. Ziada ni desibeli 10. Kwa uwiano wa 10:1 hubaki desibeli 1, hivyo kilele hurekodiwa kikiwa desibeli -5. Hesabu hii husimama endapo tu limita imetangulia kigeuzi kinachobadili umeme wa maikrofoni kuwa tarakimu. Limita ya kwenye kompyuta hukutana na wimbi ambalo tayari limekatwa. Aidha, kikuza sauti kikielemewa kabla ya limita, mkwaruzo wake huingia katika rekodi vilevile.

Ugumu mkubwa uko kwenye muda. Muda wa kushika ukiwa mrefu, pigo la ngoma, ambalo hupanda ndani ya milisekunde chache, hupita kabla ya kudhibitiwa. Muda wa kuachia una madhara yasiyoonekana upesi. Ukiwa mfupi mno, limita huanza kufuata mzunguko wa wimbi lenyewe: ngoma ya hezi 60 ina mzunguko wa takriban milisekunde 17, na kifaa kinachoachia kwa kasi kuliko huo hubadili umbo la wimbi na kuzalisha mkwaruzo. Ukiwa mrefu, tuseme sekunde nzima, kofi moja huzamisha silabi kadhaa za mshororo unaofuata, ingawa mghani hakupunguza sauti.

Hapo ndipo suala la kiufundi linapogeuka kuwa suala la uhalali wa data. Mkazo wa neno la Kiswahili kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mtafiti anayechunguza mkazo au wizani kwa kutumia Praat anaweza kupima nguvu ya sauti silabi kwa silabi. Limita ikiwa imefanya kazi, tofauti anayoipima ni ya kifaa kwa sehemu, si ya msemaji pekee. Kidatu na urefu wa silabi huathirika kidogo sana. Nguvu ndiyo inayopotoshwa. Kwa uchambuzi wa maudhui pekee, kasoro hiyo haina uzito.

Kwa sababu hiyo, limita inafaa kuwa kinga ya dharura, na udhibiti wa kawaida ufanywe kwa kupanga kiwango cha kurekodi. Mazoea ya kurekodi karibu na kikomo yalikuwa na mantiki katika biti 16, zenye masafa ya nadharia ya desibeli 96 hivi. Katika biti 24 masafa hayo hufika takriban 144. Vilele vya kawaida vinaweza kuachwa kwenye desibeli -12 bila mnong'ono wa mghani kumezwa na kelele za kifaa. Sogeo dogo la maikrofoni mbali na wapiga makofi (jambo lisilogharimu chochote) nalo hupunguza kazi ya limita.

Sura ya mbinu za utafiti inapaswa kutaja kizingiti, uwiano na muda wa kuachia uliotumika. Baadhi ya vinasa sauti hurekodi pia nakala ya pili yenye kiwango cha chini zaidi. Pale nakala kuu inapoonyesha kuwa limita iliingilia, vipimo vya nguvu ya sauti vichukuliwe kutoka nakala hiyo, mradi yenyewe haikupitia limita.