Ukuta wa Kale: Jinsi Unavyochimbwa, Unavyorekodiwa, na Msamiati Wake

Olumbi iko katika wilaya ya Palma, kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, kusini mwa mto Ruvuma. Katika pwani hiyo Kimakwe, Kimwani na Kiswahili huzungumzwa kwa pamoja, na ujenzi wa mawe na chokaa ulijulikana humo kama ulivyojulikana Kilwa na Lamu. Katika makala haya tunaeleza jinsi ukuta wa kale wa pwani yetu unavyochimbwa na kurekodiwa, na kwa nini jambo hilo linamhusu mwalimu wa Kiswahili.

Kwanza, tutofautishe maneno mawili. Kiambaza hujengwa kwa miti na udongo. Ukuta wa mawe huakwa, na mwenye kazi hiyo ni mwashi. Mwashi wa zamani alitumia mawe magumu ya nchi kavu kwa sehemu kubwa ya ukuta, na matumbawe yaliyokatwa baharini yangali laini kwa vidaka, mihimili ya milango na kibla. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Mianya ilitomewa kwa vijiwe, kisha ukuta ukapigwa lipu.

Mwanaakiolojia anapouchimba ukuta huo, hatari ya kwanza ni kuufuata. Mtu akichimba mtaro kandokando ya ukuta ili auone wote, ataupata ukuta lakini atakuwa amekata tabaka zote zilizoshikana nao, na hataweza tena kujua ulijengwa lini. Kwa hiyo shimo hukatiza ukuta, na upande mmoja wa shimo huachwa wima ili tabaka zisomeke kutoka juu hadi chini. Huanza kifusi cha jengo lililoanguka, hufuata sakafu, kisha mtaro wa msingi. Vigae vilivyofukiwa ndani ya mtaro wa msingi vilikuwapo ukuta ulipojengwa. Kwa hiyo kigae kipya kuliko vyote humo hutuambia kwamba ukuta haukutangulia wakati wake. Vigae vilivyo juu ya sakafu ni vya waliokaa humo baadaye.

Aidha, kuta mbili zinapokutana huchunguzwa kwenye pembe. Mawe yakiwa yameingiliana, kwa kawaida zimejengwa pamoja. Ukionekana mstari ulionyooka toka juu hadi chini, basi ukuta mmoja umeegemezwa kwenye mwingine, nao ndio wa baadaye.

Kurekodi kunakwenda sambamba na kuchimba, kwa sababu tabaka ikishaondolewa hairudi. Kila tabaka hupewa namba na maelezo ya rangi na udongo wake, na kila kigae hutiwa katika mfuko wenye namba hiyo. Uso wa ukuta huchorwa jiwe kwa jiwe, mara nyingi kwa kipimo cha 1:20, yaani sentimita 1 karatasini ni sentimita 20 ukutani. Picha hupigwa pamoja na fito ya kupimia. Inafurahisha kwamba mchimbaji hutumia mwiko, timazi na uzi, vifaa vilevile vya mwashi.

Faida ya subira hiyo ilionekana Shanga, kisiwani Pate, nchini Kenya, ambako Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa mawe yalipatikana mabaki ya misikiti midogo ya miti, ule wa awali ukikadiriwa kuwa wa karne ya 8. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliona miji ya mawe kuwa kazi ya wageni waliohamia pwani. Alama za nguzo zilizooza zilionyesha mji uliokua hatua kwa hatua papo hapo, kutoka kiambaza hadi ukuta. Kama mchimbaji angeishia kwenye sakafu ya mawe, ushahidi huo usingepatikana.

Hata hivyo, rekodi nyingi za magofu yetu zimeandikwa kwa Kiingereza, na za Msumbiji kwa Kireno. Vibarua na mafundi wanaochimba huyataja mambo hayo kwa lugha zao, lakini maneno yao hayaingii katika fomu. Matokeo yake, mwanafunzi wetu hulijua neno la kigeni la ukuta ulioegemezwa, asijue mwashi wa kijijini kwao anauitaje.

Kwa upande wa Palma, jambo hili lina uharaka. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mnamo Oktoba 2017, na shambulio la mji wa Palma la Machi 2021, viliwatawanya watu wengi wa wilaya hiyo. Ukuta unaweza kungoja ardhini miaka mia sita. Msamiati wa mwashi mzee aliyehama kwao haungoji hivyo. Tunawahimiza walimu na wanafunzi wanapokutana na waashi, popote walipo, wayaandike maneno yao pamoja na mahali yalikotoka, kama kigae na mfuko wake.