Mtoto mtulivu darasani huenda ana donda la vita

MWANAFUNZI aliyenusurika vitani huenda akaketi darasani kimya, asilie wala asimsumbue mwalimu. Utulivu huo si ithibati kwamba amepona.

Ndiyo sababu wataalamu hutumia hojaji ya CRIES-8, yenye maswali 8, kuwachunguza watoto wa miaka 8 na zaidi. Maswali manne huhusu kumbukumbu zinazomvamia mtoto bila hiari yake, kama vile picha za tukio kumjia ghafla. Manne mengine huuliza iwapo anajitahidi kulisahau, kutolizungumzia au kuepuka vitu vinavyomkumbusha. Kila jibu kuhusu siku 7 zilizopita hupewa alama 0, 1, 3 au 5. Anayefikisha alama 17 kati ya 40 huhitaji kuonwa na mtaalamu.

Umuhimu wa maswali mahususi ulidhihirika Bosnia-Herzegovina, iliyokumbwa na vita kati ya 1992 na 1995. Katika mpango uliofadhiliwa na UNICEF, watoto 2,976 wa miaka 9 hadi 14 walihojiwa. Matokeo yaliyochapishwa 2002 yalionyesha dalili nyingi za kiwewe na majonzi, ilhali viwango vya wasiwasi na huzuni ya kudumu vilikuwa vya kawaida. Anayetafuta huzuni pekee angewapita wengi.

Hata hivyo, alama hizo hazithibitishi maradhi. Humwelekeza tu mtaalamu kwa mtoto wa kuchunguzwa zaidi. Na pasipo mtaalamu wa kumhudumia, kumuuliza mtoto maswali hayo ni kumtonesha donda na kumwacha nalo.