Treni Ikifika Voi, Shuka: Barabara ya Taveta Iko na Milima, Ndovu na Vita Tulifichwa

Kama fomu ya mbogi yenu Agosti hii ni Diani tena, soma hii kwanza. Wengi wetu Voi tunaijua kwa dirisha la basi. Unashuka usiku, unanyoosha miguu, unakunywa chai, unarudi kulala mpaka Mombasa. Na hapo tu Voi kuna kona. Ukitoka Nairobi unakata kulia, unashika lami mpaka Taveta kwa mpaka wa Tanzania, kama kilomita 110 hivi. Siku tatu zinatosha, na huhitaji gari ya baba ya mtu.

Lakini kuna kitu lazima ujue kabla uanze kupiga mapicha. Hiyo njia inafuatana na reli ya vita, ile Waingereza walianza kujenga kutoka Voi mwaka wa 1915. Vijana wa rika letu walipita hapo kwa miguu wakiwa wamebeba mizigo ya watu wengine, na wengi hawakurudi kwao.

Tuanze na milima, ndio mpumue. Kutoka Voi mat inakufikisha Mwatate haraka, katikati ya jua na mashamba ya mkonge. Hapo unapanda Wundanyi, na hali ya hewa inageuka kama mtu amefungua friji. Kona juu ya kona, ukungu, migomba, maji yanatiririka kando ya barabara. Sababu ni simple ukiielewa: upepo wenye unyevu unatoka Bahari Hindi, unavuka nyika yote bila kizuizi, halafu unagonga Taita. Unalazimika kupanda, unapoa, unaacha maji. Ndio maana chini ni Tsavo kavu na juu watu wanalima mboga zinazoliwa Mombasa. Julai na Agosti ni baridi ya ukweli huko juu. Beba jaketi, wacha kujifanya ngumu.

Hii milima ni jamii moja na Pare, Usambara na Udzungwa za Tanzania, na Taita ndio kipande pekee kilichoanguka upande wetu. Kwa sababu imekaa kivyake muda mrefu sana, iko na vitu hupati kwingine duniani. Kuna kandege kadogo, apalisi wa Taita, anaishi hapa tu, na amebaki kwa msitu mdogo kama Ngangao ambao hata hekta 200 haufiki. Huyo akiisha hapa, ameisha kila mahali. Kwa hivyo mkiingia Ngangao wacheni spika nyumbani, tafadhali.

Ukitaka kupanda juu kabisa, Vuria ndio baba yao, mita 2,208. Juu kuna milingoti ya mawasiliano, kwa hivyo usitarajie upweke wa sinema. Amka mapema kabla ukungu haujafunga. Asubuhi ikiwa wazi, Kilimanjaro iko hapo imekaa tu. Ukishuka tafuta kimanga, maharagwe yaliyopondwa na muhogo au viazi vitamu. Ukionja utashangaa mbona Nairobi hatuuziwi.

Halafu kuna mapango ya mafuvu. Zamani Mdawida akifa alizikwa, na baada ya muda kichwa kilifukuliwa kikapelekwa kwa pango la ukoo, kikae na vya babu zake. Familia ikiwa na shida ilienda hapo kuongea na wazee wake. Dini mpya zilipoingia mila ilififia, lakini mafuvu mengine bado yako. Huko huendi kivyako. Unatafuta mwenyeji, unaomba ruhusa, hushiki kitu. Na hiyo si mahali pa kucheza TikTok, buda. Hao ni watu wa watu.

Shika hiyo ya mafuvu kwa akili, tutairudia.

Siku ya pili rudini Mwatate mshike njia ya Taveta. Barabara inapita katikati ya hifadhi, na ndovu hawajui kitu inaitwa haki ya njia. Dere asikimbize, hasa jioni. Sehemu kubwa ya kaunti hii ni Tsavo, kwa hivyo kwa wenyeji ndovu si kivutio tu. Ni jirani anaweza kumaliza mahindi yako usiku mmoja.

Hapo Maktau ndio vita inaanza kuonekana. Shuleni tulisomeshwa Vita Vikuu vya Kwanza kama kitu cha Ulaya: Ufaransa, matope, gesi. Hakuna mtu alituambia mitaro iko Taita. Stori ilikuwa hivi. Mwaka wa 1914 Tanganyika ilikuwa ya Mjerumani, Kenya ya Mwingereza. Reli ya Mombasa kwenda Uganda ilipita hapa Voi, karibu sana na mpaka, na ukiikata umemkaba Mwingereza koo. Tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani wakavuka wakaiteka Taveta. Walikaa hapo hadi Machi 1916, wakituma vikosi vidogo usiku kulipua reli. Mwingereza naye akajibu kwa kujenga ile reli ya kwake kutoka Voi, na Maktau ikawa kambi kubwa.

Ukikaribia Taveta utaona kilima kimoja kidogo, ukiwa na haraka unakipita. Hicho ndicho Salaita. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wazungu kutoka Afrika Kusini walikishambulia wakidhani ni kazi ya asubuhi moja. Mizinga ikapiga kileleni. Shida ni kwamba mitaro ya kweli haikuwa kileleni, ilikuwa chini, imefichwa kwa kichaka. Zaidi ya 130 waliumia au kufa kwa masaa machache, wengine wakaanza kukimbia. Waliowaokoa ni Wabaluchi wa jeshi la India, wale wale wazungu walikuwa wanawadharau. Inasemekana Wabaluchi waliwarudishia bunduki za rashasha walizoacha uwanjani, na ujumbe juu yake kwamba kuanzia leo mtuite kwa heshima. Mimi naipenda hiyo stori kuliko vita yenyewe.

Wenyeji pia watakuonyesha mbuyu na kukuambia mwanamke Mjerumani alijificha ndani akidungua watu. Ni hadithi, ichukue hivyo, lakini mbuyu ni mzuri.

Sasa ingia makaburini. Voi yapo, Maktau yapo ya Wahindi, Taveta yapo. Yamefagiliwa, mawe yamepangwa safu, mtu na jina lake. Hadi Wajerumani wamewekewa sehemu yao Taveta. Tembea polepole, soma majina, halafu ujiulize: wale wengi wako wapi?

Juu hii vita ilibebwa kwa mabega. Farasi na nyumbu waliuawa na mbung'o, magari yalizama matopeni, kwa hivyo chakula na risasi zilibebwa na watu, kama kilo 25 kila mmoja. Walichukuliwa kutoka kila kona ya Kenya, wengi kwa nguvu, wakawekwa kwa kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps. Ukishangaa jina la soko la Kariokor Nairobi lilitoka wapi, ni hapo. Kariakoo ya Dar pia. Wengi hawakuuliwa na risasi. Ni kuhara damu, malaria, nimonia, na unga wa mahindi ulioiva nusu. Mwaka wa 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikubali yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa popote.

Turudi kwa yale mafuvu. Hawa ni watu ambao kwao kichwa cha mzee kilitunzwa pangoni ili asipotee. Mpagazi wa kutoka Wundanyi aliyeanguka njiani hakupata pango, hakupata jiwe.

Na kuna wa Kasigau, ule mlima unaouona pekee yake kusini ya Voi. Mwaka wa 1915 Waingereza waliwashuku kuwa wamewapa Wajerumani habari, wakawahamisha wote mpaka Malindi. Wengi walifia huko. Waliobaki waliruhusiwa kurudi kwao miaka ya 1930. Uliza mzee yeyote wa huko, hiyo stori bado ni ya jana.

Taveta yenyewe ni mji wa soko, ndizi kila mahali, na Kilimanjaro imesimama nyuma ya kila picha. Ukiwa na muda panda Grogan's Castle, jumba lililojengwa miaka ya 1930 na Ewart Grogan, yule aliyejulikana kwa safari ya kutoka Cape hadi Cairo. Mandhari ni moto. Nyumba ya mtu mmoja kuwa juu ya ardhi yote hiyo, hilo utaamua mwenyewe.

Malizia Ziwa Chala, nje kidogo ya mji. Ni shimo la volkano limejaa maji, nusu yetu nusu ya Tanzania, na rangi inabadilika ukiangalia. Utataka kuruka ndani. Usiruke. Mwaka wa 2002 mamba alimuua msichana Mwingereza aliyekuwa anaogelea hapo. Piga picha kutoka juu.

Kwa watu wa Nai: ni ile treni ya asubuhi inayosimama vituo vya katikati ndio inakushusha Voi, si zile za moja kwa moja. Kateni tiketi ya kurudi kabla mtoke, Agosti zinaisha haraka. Kutoka Taveta kwenda Voi ondokeni mapema, msipatane na ndovu gizani.