Acheni Kukariri Maana za "Run"

"Mwalimu, run ina maana ngapi, nizikariri?" Kila muhula mpya hapa Masaka, Rwanda, naulizwa hivyo, na wanaouliza ni watu wazima wenye akili zao: mama anayeuza vitenge, fundi umeme, kijana anayesubiri majibu ya kazi mjini. Nia yao ni njema. Swali lenyewe ni baya, na limewapotezea watu miaka.

Idadi ipo kwa anayeitaka. Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford, alilishughulikia neno hilo kwa takriban miezi 9, akafikisha maana 645, tena za kitenzi tu. Hakuna Mwingereza aliyezikariri. Anayekuuzia kijitabu chenye "maana zote" anakuibia pesa.

Kinachoniudhi zaidi ni lile daftari. Mstari umechorwa katikati ya ukurasa, kushoto Kiingereza, kulia Kinyarwanda au Kiswahili: run, kwiruka, kukimbia. Mwenye daftari akikutana na We have run out of milk, anaelewa kwamba watu wametoka mbio kwenye maziwa. Mkataba wake wa kazi umeandikwa The contract runs until June, naye hajui kwamba Juni kazi inaisha. Akisahihishwa, anaongeza kulia: kuisha, kudumu, kuendesha, kutiririka. Sasa ana maneno sita, na hajui lipi atumie wapi. Ndiyo maana anakaa kimya kwenye usaili.

Nyuma ya daftari hilo kuna imani kwamba neno lina maana moja ya kweli, na zilizobaki ni vurugu za Waingereza. Si kweli, na lugha zetu wenyewe zinaikanusha. Kwa Kinyarwanda guca ni kukata, lakini guca urubanza ni kutoa hukumu, guca intege ni kuvunja moyo, guca umugani ni kutoa methali. Waswahili nao hukata tamaa, hukata rufaa, hukata tiketi na kukata kiu bila kushika kisu. Hakuna mtoto wa Kicukiro aliyepewa orodha ya guca. Alisikia guca na urubanza vikitamkwa pamoja, vikamwingia pamoja.

Wapo walimu wanaodhani wamevuka kosa hilo kwa kufundisha "kiini": run ni mwendo usiokatika, mengine yote yametoka humo. Kuna ukweli kidogo: maji, mashine na mkataba vyote huendelea bila kukatika. Lakini kiini hukusaidia kuelewa ulichokwisha kusoma, hakikufundishi kusema. Ukishika usukani, gari una-drive. Ukilalamikia mafuta na matengenezo yake, ndipo unasema it is expensive to run. Nani angelikisia hilo? Kwa Kiswahili nguo unaipiga pasi, lakini ukiitia majini unaifua tu. Ukichambua kiini cha piga mpaka usiku, hutalipata jambo hilo humo.

Najua haraka ya kukariri inatoka wapi. Serikali ya Rwanda ilipoamua mwaka 2008 kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza, wazazi waliosoma kwa Kifaransa walijikuta hawawezi kusaidia kazi za nyumbani za watoto wao. Anayetafuta njia ya mkato katika hali hiyo simlaumu. Namlaumu anayemuuzia.

Basi, fanyeni hivi. Futeni mstari wa katikati, andikeni sentensi nzima kama mlivyoikuta. Tazameni neno lililo jirani: run out of, run late, run a shop, run a test, kila moja lishikwe kama neno moja. Angalieni nani anatenda na nini kinatendwa, maana run the water si sawa na run to the water. Nunueni kamusi ya wanafunzi, si ya tafsiri. Mwalimu wa Kiingereza A. S. Hornby alitunga yake na wenzake akifundisha Japani, ikachapwa huko mwaka 1942, hasa kwa ajili ya kuonyesha jinsi maneno yanavyopangwa katika sentensi. Anzeni na matumizi matano mnayokutana nayo kazini, mengine yasubiri. Na mkikuta run msiyoijua, someni mpaka kwenye nukta kwanza, kisha ndipo mfungue kamusi.