Taa Ikiwaka Baada ya Matope, Gari Lipimwe Kwanza



Sisi madereva na mafundi wa mashamba ya chai huku Toro, magharibi ya Uganda, tunalijua sana jambo hili. Mvua imenyesha, pikapu imepeleka mbolea mpaka mwisho wa shamba, imekwama matopeni, wenzetu wameisukuma ikatoka. Kesho yake taa ya manjano inawaka kwenye dashibodi. Msimamizi anauliza, "Nani ameharibu gari?" Gari halijapimwa, lakini dereva ameshaambiwa atakatwa mshahara.

Matokeo yake ni mabaya. Dereva mwenye hofu huifunika taa kwa plasta na kunyamaza. Jioni huwabeba wachuma chai katika gari hilo hilo.

Yafaa basi tuelewe taa hiyo inasema nini. Magari ya siku hizi yana vifaa vidogo ambavyo mafundi huviita sensa (siyo ile sensa ya kuhesabu watu). Kazi yake ni kupima na kupeleka habari kwenye kompyuta ya gari. Sensa ya gurudumu hupima mwendo wa gurudumu, ili breki za ABS zizuie gurudumu lisijifunge dereva anapokanyaga kwa nguvu. Nafasi kati ya sensa hiyo na pete yake ni ndogo sana, kiasi cha milimita 1. Tope likijaa hapo, au unga wa chuma wa breki ukinata, au kijiti kikikata waya, habari haifiki sawasawa. Kompyuta huwasha taa. Hata gurudumu moja likizunguka bure matopeni wakati mengine yamesimama, kompyuta yaweza kudhani kuna kosa.

Tufanye nini?

Kwanza, tutazame ni taa gani. Taa ya manjano ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida kwa kawaida zinafanya kazi, ila magurudumu yanaweza kujifunga na gari likateleza. Twende polepole. Lakini ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, na breki ya mkono imeachiliwa, tusimame, tuangalie mafuta ya breki, wala tusibebe mtu. Taa ya injini ikiwakawaka na kuzimika, tusimame mahali salama tuzime injini.

Pili, tuoshe. Gari lipoe kwanza. Tutoe tope ndani ya magurudumu yote manne, lakini maji ya presha yasielekezwe kwenye soketi za waya. Kisha tulinganishe waya wa kushoto na wa kulia: umevutwa? Umechubuka? Soketi imeingia maji? Tusiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki tu.

Tatu, tuliendeshe kidogo mahali tambarare. Taa nyingine huzimika zenyewe. Isipozimika, fundi asome namba ya kosa kwa mashine yake. Namba hiyo huonyesha mahali pa kuanza kutafuta. Haisemi kwamba sensa imekufa. Kwa mfano, P0101 inahusu kipimo cha hewa inayoingia katika injini. Huenda sababu ni filta iliyojaa vumbi au mpira wa hewa uliopasuka. Kununua spea kabla ya kutazama hayo ni kutupa fedha.

Nne, tuandike katika daftari la gari: tarehe, njia tuliyopita, nani alitutuma, taa iliyowaka, namba ya kosa, na kitu alichokikuta fundi. Mwakilishi wa wafanyakazi apate nakala.

Maandishi hayo ndiyo ngao yetu. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara ukatwe tu kwa masharti yaliyowekwa na sheria ya nchi, mapatano ya chama na mwajiri, au uamuzi wa baraza la usuluhishi. Hasira ya msimamizi haimo katika orodha hiyo. Kila tawi lisome sheria ya nchi yake, na lidai katika mapatano kwamba gari lipimwe kabla ya dereva kulaumiwa.

Dereva asiyeogopa kukatwa mshahara ataitangaza taa mara inapowaka. Hapo ndipo wenzetu waliopanda nyuma watafika nyumbani salama.