Punje za Ngano na Mtego wa Maradufu

Ibn Khallikan, mwanahistoria aliyefariki Damascus mwaka 1282, ametuhifadhia kisa cha Sissa bin Dahir, mwenye hekima wa Bara Hindi anayesemwa kuwa ndiye aliyebuni sataranji. Mfalme alipomtaka ataje ujira wake, aliomba punje moja ya ngano katika nyumba ya kwanza ya ubao, mbili katika ya pili, nne katika ya tatu, na maradufu hivyo hivyo hadi nyumba ya 64. Mfalme aliliona ombi hilo kuwa dogo mno. Mafaqihi wamekhitilafiana juu ya hukumu ya mchezo wenyewe, nasi hatuingii huko. Tunachokitaka ni hesabu yake.

Jumla ya punje hizo ni 18,446,744,073,709,551,615. Ibn Khallikan mwenyewe hakusadiki hadi mhasibu mmoja wa Iskandaria alipomwonyesha hesabu yake. Ngano hiyo inapita mavuno ya dunia nzima ya leo kwa mamia ya miaka.

Kabla yake, Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, alikwisha kuikokotoa jumla hiyo. Njia fupi ya kuifikia ni hii. Chukua 16, idadi ya nyumba ya tano, uizidishe kwa yenyewe: 256. Fanya vivyo hivyo upate 65,536, kisha 4,294,967,296. Zidisha mara ya nne, halafu ondoa moja. Siri yake ni kwamba nyumba zote zilizotangulia, zikijumlishwa, hupungukiwa na moja tu kuifikia nyumba inayofuata. Moja, mbili na nne ni saba; inayofuata ni nane.

Siri hiyo inatuhusu sana sisi wenye familia. Wapo wanaopita mitaani, hata nje ya misikiti yetu, wakisema: toa fedha, lete watu wawili, nao walete wawili wawili, utavuna maradufu. Hatusemi upatu wa kina mama wa kupokezana zamu, ambao kila mmoja hupata alichotoa. Tunasema mpango ambao malipo ya waliotangulia hutoka mifukoni mwa wanaofuata. Popote utakaposimama, safu ya mwisho huwazidi wote walio juu yao kwa mtu mmoja. Kwa hiyo zaidi ya nusu hawalipwi. Wala hauna budi kusimama, kwani safu ya 34 peke yake ingehitaji watu 8,589,934,592, nao wanadamu wote walio hai hawafiki idadi hiyo.

Katika Surat Aal Imran, aya ya 130, Mwenyezi Mungu anawakataza waumini kula riba inayoongezeka maradufu. Anayeijua hesabu hii huona jinsi deni dogo linavyoweza kummeza mtu na nyumba yake.

Wazazi, ifanyeni hesabu hii pamoja na watoto wenu kwa punje za mchele. Na akija mwenye ahadi ya maradufu, muulizeni swali moja: safu ya mwisho italipwa na nani?

Wallahu a'lam.