Uvuvi wa Wakati wa Maji Mengi

Katika nchi yetu ya Buha mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, na kufika Machi na Aprili mito huwa imepanda kingo zake na kuingia majanini. Ndipo watu wengi hushika ndoana na kukimbilia mtoni wakisema, "Maji ni mengi, na samaki ni wengi." Neno hilo lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Nataka kulieleza jambo hili leo, maana nusura linipokonye mtoto.

Kwanza tuutazame mto wetu mkubwa, Malagarasi. Hutoka katika milima ya mpakani mwa Burundi, hushuka mabondeni, hukutana na Muyovozi katika mabwawa mapana, kisha hugeukia magharibi hata kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Safari yake yote yapata kilometa 475. Mabwawa hayo ni ghala la samaki na ndege, hata mwaka 2000 yaliandikwa katika orodha ya Ramsar, yaani mapatano ya mataifa ya kutunza nchi za maji. Ndiyo mahali pa kwanza pa Tanzania kuingia katika orodha hiyo, na ukubwa wake hupita hekta milioni 3.

Sasa, maji yanapopanda, samaki hufanya nini? Wengi hawakai katika mkondo, maana pale maji yana nguvu na matope. Huuacha mto wakaingia katika majani yaliyofunikwa, ambapo maji yametulia, na wadudu na minyoo ni wengi. Kambare huenda huko ili kutaga. Jike mmoja hutaga mayai maelfu kwa maelfu, nayo hunata juu ya majani, na kwa muda wa siku mbili hivi huanguliwa. Tena kambare ana kiungo cha kuvutia hewa karibu na matamvua yake. Kwa hiyo huweza kuishi katika tope, na usiku wa mvua huweza kujikokota juu ya nchi yenye unyevu toka dimbwi hata dimbwi. Basi mtu anayetupa ndoana katikati ya mkondo hujihatarisha bure: samaki wamepita nyuma yake.

Mimi mwenyewe nalikuwa mpumbavu katika jambo hili. Mwaka mmoja nalitega migono minne kando ya mto, maji yakiwa bado yanapanda. Alfajiri nikamtuma mwanangu wa kwanza, aliyekuwa na miaka 12, akaiangalie. Kwetu mvua haikunyesha usiku ule, nami nikadhani mto ni ule ule wa jana. Kumbe ilikuwa imenyesha sana milimani! Mtoto aliuona mgono mmoja ukichukuliwa na maji, akaufuata asije akaadhibiwa, na mkondo ukamkamata. Alishika tawi la mti, akakaa hapo hata jua lilipokuwa juu, ndipo watu waliposikia kilio chake wakamtoa kwa kamba.

Jioni mzee mmoja jirani yetu alikuja kutupa pole. Aliketi kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, mgono husukwa kwa siku mbili. Mtoto husukwa kwa siku ngapi?" Sikuwa na jawabu.

Mzee yule ndiye aliyenifundisha kungojea maji ya kurudi. Mvua zikipungua, maji hutoka majanini kwa vijito vidogo, na samaki hurudi pamoja nayo. Hapo ndipo pa kutega. Mgono huwekwa mdomo wake ukielekea majanini, hufungwa imara kwenye mti uliopigiliwa, na nyando husimamishwa kando yake ili kuwaongoza samaki. Maji hayafiki kiunoni, wala hayana haraka. Na kambare wanaonaswa wakati huo wengi wamekwisha kutaga. Faida ni mbili: mvuvi hurudi nyumbani, na mwaka ujao una samaki wake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nawashauri haya:

Kwanza, mto ukiwa unapanda, usitume mtoto kuangalia mitego, wala usimfuate mgono uliochukuliwa. Simamisha kijiti ukingoni, nawe utaona kama maji yanapanda au yanashuka.

Pili, usiende majanini gizani. Viboko hutoka usiku kula majani, na mamba hujificha katika maji ya matope.

Tatu, usizibe kijito chote kwa nyando. Acha njia, ili wengine wapite na jirani wa chini naye apate kitoweo.

Nne, tuache utupa na sumu yoyote. Hiyo huua mkubwa na mdogo pamoja, na sheria ya uvuvi ya mwaka 2003 inaikataza. Chandarua nacho kazi yake ni kumzuia mbu kitandani. Kikiburutwa majini hukomba hata watoto wa samaki wasiotosha kijiko.

Nanyi walimu, wafundisheni watoto mambo haya kabla ya mvua, wala msingoje msiba. Wahenga walisema, Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mwanangu sasa ni mtu mzima, naye hutega migono yake maji yakirudi. Kila nimwonapo akitokea njiani na kambare begani, huhesabu kwanza kichwa chake, ndipo nihesabu samaki.